Sauti ya Mama wa Kengele

Kambini, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na nyuma. Ina mlango, ina madirisha mawili yenye mapazia, ina hata ngazi zilizolika kana kwamba vizazi vimezikanyaga, lakini ukifungua mlango unatokea kwenye majani marefu na nyaya zangu za vipaza sauti. Ndiyo nyumba ya Mama wa Kengele. Miaka yote ile ulipokuwa ukiigiza *Kengele ya Bondeni* redioni, hukuwahi kuiona nyumba yake. Leo naiona mimi, na nahisi wewe ndiye uliyekuwa nayo nzima.

Sasa inakuwa tamthilia ya televisheni kweli, Shangazi. Wamenipa kazi ya kunasa sauti zote za huku. Anayeigiza nafasi yako ni binti mwembamba, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwenye picha yoyote, kwa hiyo tunamwita Mgeni. Ukungu wa bonde tunautengeneza kwa mashine. Ni mzuri kuutazama, watu wanaibuka ndani yake kama mawazo, ila unawasha koo. Tukipumzika, Mgeni hujifunga kitambaa mdomoni.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Mtu kampiga picha akiwa nacho, kutoka nje ya uzio. Jioni tuliporudishiwa simu zetu (asubuhi tunaziacha getini ili siri zisivuje), tukakuta mashabiki wanawaka moto mtandaoni: eti Mama wa Kengele amefanywa bubu! Eti kwenye televisheni hataita msafiri yeyote aliyepotea ukunguni, atagonga kengele tu na kukodoa macho!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakupigia tucheke wote. Hupokei. Nimepiga na jana, na juzi. Kulikoni?

Mwanao,
Sikio

*

Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu Sikio,

Marahaba. Usinipigie, utajichosha bure. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Jirani yangu, fundi cherehani, aliizika ndani ya mchele ikauke. Mchele tumeshaula, simu bado haijapona. Tuandikiane tu. Mwandiko wako ni mbaya lakini nimeuzoea tangu ulipokuwa unaandika S kinyumenyume.

Umenikumbusha ukungu wetu. Ulikuwa blanketi moja la sufu, zito, la kijivu. Fundi mitambo alilikokota sakafuni polepole karibu na kipaza sauti, nami nikifumba macho nilihisi matone yakining'inia kwenye nyusi. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyofungwa kwa kamba. Tulikuwa watu wanne kwenye chumba kidogo chenye joto, tumevua viatu tusipige kelele, na nje huko nchi nzima ilikuwa imesimama bondeni, haioni mbele.

Mimi sijambo. Nyumba imetulia. Ukiwa kimya sana unagundua vitu: bomba la jikoni linadondosha noti moja asubuhi na nyingine jioni, na paka naye amejifunza kunitazama usoni badala ya kungoja nimwite.

Huyo Mgeni anakula vizuri? Niambie anasimamaje akitaka kuanza kusema. Anaegemea mguu upi?

Shangazi yako

*

Kambini, 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mgeni anaegemea mguu wa kushoto. Au alikuwa anaegemea, kabla hawajaanza kumtukana.

Mambo yamekuwa makubwa. Mwongozaji wetu alitangaza kwamba habari za ububu ni uzushi. Wakajibu: "Ukiona wanakanusha, ujue ni kweli." Akanyamaza. Wakasema: "Mnaona? Wamekosa la kusema." Wameunda kundi linaloitwa Walinzi wa Sauti. Daktari wa meno mmoja ameapa hatamng'oa jino mtu yeyote wa kampuni yetu, hata aje analia. Bwana mwingine kajirekodi akiivunja televisheni yake kwa nyundo, machozi yanamtoka, kumbe televisheni ilikuwa imeharibika siku nyingi, mkewe kamuumbua hapohapo kwenye maoni, "Baba nanihii, si ulisema unampelekea fundi?"

Hayo yanachekesha. Yasiyochekesha ni ya Mgeni. Wanamwita sauti ya kopo, na hawajamsikia akisema hata neno. Wanamwambia arudi alikotoka. Kila jioni akipewa simu yake anakaa nayo kwenye kona ya chumba cha mavazi, anasoma, midomo inacheza kana kwamba anakariri. Kesho yake akija mbele ya kamera, sauti yake inakuwa ndogo kiasi kwamba naongeza usikivu wa mitambo hadi nasikia wadudu wa majani, lakini yeye simsikii.

Sasa mwongozaji ana ombi, na kanituma mimi. Anataka uje, au tukufuate huko, useme sentensi moja tu mbele ya kamera. Ile yako: "Njoo taratibu. Ardhi ipo." Kisha uwaambie umemwachia binti nafasi kwa moyo mweupe. Watu watatulia. Wewe ndiye pekee watakayemsikiliza.

Tuje lini?

Sikio

*

Nyumbani, 25 Machi

Mwanangu,

Hapana. Mwambie mwongozaji nashukuru kwa kunikumbuka, lakini haitawezekana, na msije.

Mpelekee Mgeni salamu zangu.

Shangazi yako

*

Kambini, 1 Aprili

Shangazi,

Barua yako niliisoma nikaigeuza nyuma, nikidhani umeendelea upande wa pili. Patupu.

Sentensi moja! Wewe uliyekuwa unamsimulia muuza maziwa hadithi nzima mlangoni mpaka maziwa yanaganda. Wewe uliyenilea kwa maneno. Nimejiuliza nimekukosea nini. Kisha nikajiuliza vingine ambavyo naona aibu kuviandika, ila nitaviandika: labda hutaki Mama wa Kengele awe na sauti nyingine. Labda kelele za hao Walinzi zinakufurahisha kidogo, moyoni, mahali usipomwonyesha mtu. Kama ni hivyo ningekuelewa. Lakini ungeniambia.

Mgeni amefungasha. Ana begi dogo la kijani. Limekaa mlangoni kwake tangu jana. Anangoja gari litakaloenda mjini baada ya wiki hii kwisha. Leo nilimwambia avumilie, akaniuliza, "Nivumilie nini, dada? Wanamtaka yeye, na wana haki." Wewe ungejua la kumjibu.

Sikio

*

Nyumbani, 5 Aprili

Kwa binti anayeitwa Mgeni,

Hatujaonana. Barua hii nimempa dereva anayewaletea mboga kambini, aifikishe mkononi mwako kabla ya begi lako kuingia garini.

Mimi ndiye niliyekuwa Mama wa Kengele. Nasema niliyekuwa kwa sababu sina sauti tena. Mwaka jana koo langu lilipata uvimbe. Madaktari waliutoa wote, nao ukaondoka na nyuzi za sauti. Nimepona, namshukuru Mungu, nakula, natembea, lakini nikifungua mdomo inatoka hewa tu, kama mlango wa friji. Jirani yangu mmoja anajua. Sikio hajui. Nilimwambia naenda kung'olewa magego.

Kwa hiyo mwanangu, hao wanaokufukuza ili nirudi wanamngoja mtu asiyekuwepo. Ukiondoka na wewe, Mama wa Kengele atabaki hana mtu.

Nilipoanza, msikilizaji mmoja aliandikia redio kwamba nasikika kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. Niliibandika barua yake chooni, nikawa naisoma kila asubuhi mpaka ikanichosha. Na ile sentensi wanayoilinda leo kama mboni ya jicho, haikuwemo kwenye maandishi. Iliandikwa, "Nifuateni, enyi wasafiri!" Siku ya kurekodi nikashindwa. Ningewaitaje watu wote hao nisiowajua?

Nilikuwa nalea mtoto wa kaka yangu. Alikuwa akilala mchana, kisha anainuka akiwa bado usingizini, anatembea macho wazi, hajui yuko wapi. Ukimshtua analia mpaka anatapika. Nilijifunza kusimama mwisho wa ukumbi na kumwambia kwa upole, "Njoo taratibu. Ardhi ipo." Anatambaa na ukuta, hatua kwa hatua, mpaka kwenye sketi yangu. Siku ile mbele ya kipaza sauti nilimwona yeye, nikamwita yeye. Mwandishi akataka kukasirika, kisha akaacha.

Usiniige. Tafuta mtu wako mmoja, umwite huyo. Wengine watakuja wenyewe.

Na Sikio usimwambie. Huyo dunia yake yote huingilia masikioni. Nataka abaki na mimi kama anavyonisikia kichwani mwake.

Mama yako kwa kazi

*

Kambini, 12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefungua begi.

Leo asubuhi mashine ziliwashwa, ukungu ukajaa mpaka sikuona kamera, sikuona watu. Nikamtafuta mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa anaogopa kuvuka mtaro wa nyuma ya shule. Anasimama ng'ambo na viatu mkononi, mimi niko huku. Nikamwita. Sikusikia nilivyosema. Nilimwona tu anavuka.

Nilipomaliza hakuna aliyesema "kata". Sikio alivua vifaa vyake vya masikioni, akasema kuna waya umelegea, akaenda kusimama nyuma ya ile nyumba. Niliangalia nyaya zote, Mama. Hakuna uliolegea.

Sijamwambia. Lakini ni vigumu kukaa naye mezani nikijua ni yeye uliyekuwa unamwita.

Mgeni

*

Kambini, 22 Aprili

Shangazi,

Jana jioni tulirudishiwa simu getini kama kawaida. Mpishi akaniambia, "Pole sana kwa Shangazi." Nikadhani umekufa. Niseme tena ili uelewe: nilisimama pale getini, na kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri, nilidhani umekufa.

Kisha akanionyesha video. Uko mlangoni kwako, umezungukwa na watu nisiowajua, umevua skafu shingoni, unafungua mdomo. Nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho. Nikaishika sikioni. Mimi, ambaye ndiyo kazi yangu! Nilidhani simu ndiyo mbovu.

Nimeyajua kupitia kwa wageni. Mpishi alijua kabla yangu. Daktari wa meno alijua kabla yangu. Mgeni, amekiri mwenyewe, alijua wiki mbili nzima na akawa ananipakulia wali. Na barua niliyokuandikia, yale ya kwamba unafurahia kelele zao, umeyasoma ukiwa na kovu shingoni, ukaikunja, ukanyamaza.

Sijui nimkasirikie nani kwanza, mimi au wewe.

Sikio

*

Nyumbani, 26 Aprili

Mwanangu, pumzi yangu,

Anza na mimi. Nastahili, na nina nafasi ya kutosha.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa uso wako. Wengine wakinitazama wanaona mwanamke mzima aliyepona. Wewe ungekuja na mashine zako, ungekaa mbele yangu na kusikiliza, na ningeona kwa macho yako kwamba hakuna kitu. Nikasema ngoja wiki ipite. Ikapita, ikawa vigumu zaidi. Uongo ni kama nguo iliyobana, kuivaa ni rahisi, kuivua ndiyo unaita watu. Barua yako haikuniumiza kwa ulichosema. Iliniuma kwamba nilikulazimisha utafute sababu.

Sasa sikiliza yaliyotokea, kwa maana ile video haikuonyesha hata nusu.

Walikuja mchana, manyunyu yanaanguka, hewa yote nyeupe. Nilidhani ni msiba umepotea njia. Wana mabango: RUDISHENI SAUTI. Mbele yuko dereva wa lori, mtu mkubwa kama kabati, bango lake limelowa mpaka herufi zinatiririka. Fundi cherehani akatoka na mkasi wake mkononi. "Mnataka nini?"

"Tunamtaka Mama," akasema yule dereva. "Aseme neno moja tu. Mimi na marehemu baba tulimsikiliza safari zote, kwenye lori hilihili."

Ningeweza kufunga pazia. Lakini ilikuwa mvua, na watu wazima wamesimama nje wakiamini bado niko. Nikatoka. Nikavua skafu. Nikasema, "Karibuni." Ikatoka hewa. Wakasogea. Nikasema tena. Wakanyoosha shingo, mmoja akaweka kiganja nyuma ya sikio. Dereva ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alivua kofia, akalilaza bango lake chini kifudifudi, polepole, kama analaza mtoto.

Manyunyu tu kwenye bati. Ulikuwa ukimya mzuri, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali sikuwa peke yangu ndani yake.

Kisha yule mtu mkubwa akakohoa, akasema, "Njoo taratibu, ardhi ipo," harakaharaka, kama anataja bei. Nikatikisa kichwa. Sikuweza kujizuia! Nikamwonyesha kwa mkono: shusha. Akarudia. Nikamwonyesha: pumua katikati. Akarudia. Nesi mmoja akajaribu, nikamwinua kidevu. Ikawa wote. Nilikuwa nawaongoza kwa vidole kama tulivyokuwa tunaongozwa kwenye kile chumba cha joto, na wao wananiita, mwanangu, watu wananiita mimi, kutoka kwenye weupe ule. Jirani wa pili alidhani nimeanzisha kanisa.

Walinywa chai. Waliahidi kutosambaza. Mmoja akasambaza; ndivyo watu walivyo.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, niandikie hivyohivyo.

Shangazi yako

*

Kambini, 3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mgeni ameniambia mtoto wa ukumbini alikuwa nani. Nimeisikiliza sentensi ile maisha yangu yote, redioni, kwenye kanda, vinywani mwa watu, na sikuwahi kujua ni yangu. Siwezi kukukasirikia tena, nimejaribu.

Lakini hebu sikia vituko. Walinzi wa Sauti sasa wamegeuka. Wanadai Mama wa Kengele awe bubu! Kwa heshima yako. Wanasema Mgeni akithubutu kufungua mdomo atakuwa amekutukana. Daktari wa meno ameapa upya. Bwana wa nyundo kanunua televisheni nyingine, anatishia kuivunja. Mwongozaji amelala chali kwenye majani, anasema ataigiza mwenyewe.

Mgeni hajafungasha, ila analitazama begi. Nifanye nini?

Sikio

*

Nyumbani, 8 Mei

Kwa Walinzi wa Sauti,
(Sikio, isome hii kwa sauti, uiweke huko mtandaoni.)

Wanangu,

Nawashukuru kwa mapenzi yenu na kwa maua mliyoniachia mlangoni, ingawa mlikanyaga mchicha wangu. Sauti nimeipoteza mara moja, na nimeshalia. Mkimnyamazisha binti huyu kwa jina langu, mtakuwa mmenipotezea mara ya pili. Mwacheni aseme. Atasema tofauti na mimi. Hata mimi nilisema tofauti na ilivyoandikwa.

Na wewe mwenye nyundo, muonee huruma mkeo.

Mimi mwenyewe

(Sikio: nakuja huko. Niandalie kiti chenye mgongo, na mwambie Mgeni nitamfundisha mahali pa kupumua. Mikono yangu inatosha.)

*

Nyumbani, 17 Septemba

Mwanangu Sikio,

Nimefika salama, na miguu imepungua kuvimba. Wiki zile kambini nimezirudisha zote kichwani, moja moja: wewe na mimi tumekaa kimya kwenye ngazi, unanivisha vile vifaa vya masikioni ili nisikie nyasi zikinyooka baada ya watu kupita. Hukuniuliza kitu. Nilikuwa nimeogopa uso wako bure.

Jana saa moja jioni walionyesha sehemu ya kwanza. Fundi cherehani alikuja na kiti chake, dereva wa lori na wanawe wakakaa mkekani. Ukungu ulipopanda, mtoto wake mdogo akarudisha miguu nyuma isiloane. Kisha Mgeni akaita. Si kama mimi hata kidogo. Ana mkwaruzo pale mwishoni, kama mtu aliyekimbia kuja. Dereva alinigeukia aone nitakavyofanya. Nikamwonyesha kidole: tazama mbele, bwana.

Naambiwa huko mtandaoni leo wanagombana kuhusu rangi ya pazia. Waache wagombane, wasiugue.

Lakini nilitaka kukuambia ndoto. Nilikuwa kwenye soko kubwa ambalo halina wauzaji, meza tupu tu, na mwanga kila mahali kama ndani ya yai. Nikakutana na marehemu kaka yangu, baba yako, amevaa shati lake la kazi. Akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikafungua kinywa, na nikamjibu. Nilimweleza yote, Sikio: wewe, kazi yako, paka, mchicha. Niliongea mpaka akacheka. Nikiwa katikati ya maneno ndipo nikagundua kwamba sauti inayotoka ni ya yule binti, na mkwaruzo wake.

Sikushtuka. Nilivuta pumzi, nikaendelea na habari zako, maana baba yako alikuwa bado anasikiliza.

Shangazi yako